Ulimi wa Stoo ya Mahindi

Mpishi huonja mchuzi, mpika pombe huonja pombe. Mimi nilionja dawa ya wadudu, na kwa kazi hiyo nilijulikana mtaa mzima wa Majengo kuliko diwani.

Nieleze ilivyokuwa, maana vijana wa leo wakisikia wanadhani naongeza. Naongeza, ndiyo, mama yangu alinizaa na chumvi mkononi, lakini hili halihitaji chumvi. Zamani mahindi ya Ufipa yalinunuliwa na chama cha ushirika, na dawa ya kuyahifadhi ilikuja ya aina moja, kwenye kopo moja, na hakuna aliyeuliza swali. Soko huria lilipoingia, kila mwenye lori akawa mnunuzi wa mahindi na kila mwenye begi akawa muuza dawa. Poda zikamiminika Sumbawanga kutoka pande zote za dunia. Nyingine zilikuwa kwenye makopo mazuri yenye picha ya fuvu, nyingine kwenye mifuko ya nailoni isiyo na hata herufi moja. Ukifungua, huenda ukakuta dawa kweli, huenda chokaa, huenda ni majivu ya jiko la mama fulani yaliyochekechwa vizuri.

Na dumuzi, mdudu anayetoboa mahindi, hasubiri uchunguze. Watu walimwita Skania, kwa sababu anasaga mahindi kama lori linavyosaga barabara. Tajiri wetu, aliyetuajiri wanaume watano kwenye stoo yake ya Majengo, aliwahi kutia poda ya majivu kwenye shehena nzima. Baada ya miezi miwili gunia ukiligusa linapumua vumbi kama mzee mwenye kikohozi. Siku hiyo mzee wa mizani, mkubwa wetu wa kazi, alikuja na ufumbuzi.

"Dawa ya kweli inauma," alisema. "Weka kidogo kwenye ncha ya ulimi. Ikiuma kama siafu na midomo ikafa ganzi, hiyo ndiyo. Isipouma, rudisha kwa mwenyewe."

Yeye ulimi wake ulikuwa umeuawa na tumbaku siku nyingi. Wakajaribu wenzangu, mmoja akasema poda zote zinauma, mwingine akasema hakuna inayouma. Nikajaribu mimi. Nikatenganisha ya kweli na ya uongo mara sita mfululizo, na kuanzia hapo nikaitwa Ulimi. Miaka mitano nikawa Ulimi. Nilifika mahali naweza kukwambia poda hii imekaa dukani miezi mingapi na kama muuzaji amelala kwa amani na mkewe.

Baada ya kuonja tulichanganya. Mahindi tuliyamwaga juu ya turubai, poda juu yake, tukageuza kwa koleo, miguu mitupu, vifua wazi, mlango umefungwa ili upepo usipeperushe mali ya tajiri. Tulitoka weupe kama wafu waliochelewa kiyama. Wala hatukuogopa, kwa sababu tulikuwa na maziwa.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, na ni kosa la watu wenye akili. Kila mtu alijua maziwa huondoa sumu. Wakati ule wafugaji waliohama na ng'ombe wao kutoka kaskazini walikuwa wamejaa bondeni na pembezoni mwa mji, na mama mmoja wa Kisukuma alituletea ndoo kila siku saa nne. Tajiri alilipia, akajihesabu mtu mwema, na kweli tulimhesabu hivyo. Kila mchanganyaji kikombe kimoja, mimi Ulimi viwili. Kwa kuwa maziwa yangetuosha ndani, hatukuona haja ya kujiosha nje. Tulikula ugali na mikono ile ile, tumekalia magunia yale yale. Nyumbani nilirudi na shati lile lile, na mke wangu akalifua kwa mikono yake.

Mke wangu. Hapo sasa.

Tulikuwa tumeoana mwaka wa nne, tunaishi Kizwite, chumba na sebule, na hakuna mtoto. Wenzangu stoo waliitwa Baba wa huyu, Baba wa yule. Mimi Ulimi tu. Mama yangu alikuwa anapanda kutoka Ilemba, kule bondeni, akiwa amejifunga vitenge vitatu dhidi ya baridi yetu, na kila safari alikuja na mizizi. Mizizi hiyo ilichemshwa, na mke wangu akainywa. Hakuwahi kukataa. Alifumba macho, akameza, akasema, "Ahsante, mama."

Mwaka huo mama hakuja na mizizi. Alikuja na neno.

"Mwanangu, mahindi yakishaingia ghalani, shangazi yako atakuja kumchukua huyu dada wa watu, amrudishe kwao kwa heshima. Hatumfukuzi. Tunamrudisha."

"Mama, amefanya nini?"

"Hajafanya. Ndiyo tatizo."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, anachambua maharage. Nilisikia mkono wake ukisimama, kisha ukaendelea.

Alipoondoka mama, mke wangu alileta kadi yake ya hospitali. Alikwisha kwenda mara mbili bila kuniambia. "Wamenipima kila mahali," alisema. "Nesi kaniambia sina kasoro. Kasema mume naye aje."

"Mimi?" Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. "Mimi nipimwe nini? Wewe mwenyewe shahidi! Umewahi kunisikia nimechoka?"

"Sijawahi," akasema. "Lakini kitanda hakizai."

Nikatafuta kofia, nikaenda shule.

Shule yenyewe ilikuwa ya watu wazima, saa kumi na moja jioni, kwenye darasa la watoto ambalo magoti yetu hayakuingia chini ya madawati. Nilikuwa nimeishia darasa la saba na nilikuwa nimeapa kuupata mtihani wa kidato cha nne hata kama ningeufanya na meno ya bandia. Jioni hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa kwenye uzazi wa binadamu. Kama vile amesikia ugomvi wangu, akasema, "Nguvu na mbegu ni vitu viwili. Jogoo anaweza kuwapanda kuku kutwa nzima, na mayai yote yasianguliwe."

Darasa likalipuka. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa mazoea. Kisha nikajikuta nimeacha kucheka peke yangu.

Wiki hiyo hiyo mwalimu alitaka kila mtu alete maandishi ya Kiingereza kutoka kazini kwake, tuyafasiri. Mpishi wa mgahawa alileta pakiti ya hamira. Mimi nilibandua karatasi ya kopo la poda, lile zuri lenye fuvu. Nilisimama mbele na kamusi, nikasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: usile wala usinywe ukiwa unaishika, vaa glavu, ziba pua na mdomo, ikigusa ngozi osha kwa sabuni na maji mengi, usifue nguo za kazi pamoja na nguo nyingine. Nikaigeuza, nikatafuta mbele na nyuma.

"Unatafuta nini?" mwalimu akauliza.

"Maziwa, mwalimu. Hawajaandika maziwa."

"Wewe na poda hii mnakutana wapi?"

"Naionja."

Wenzangu waliangua kicheko, wakadhani ni mambo yangu. Mwalimu hakucheka. Alichukua ile karatasi, akaisoma tena mwenyewe, akaniambia, "Kesho usiende kuonja. Nenda hospitali."

Sikwenda kesho yake. Nilikwenda baada ya siku tatu, na hizo siku tatu sitaki kuzisimulia, mwanaume ana haki ya siku tatu za woga. Hospitali walinipa kichupa kidogo na maelekezo: nikatoe mbegu nyumbani, asubuhi, na nikifikishe ndani ya saa moja, kikiwa na joto la mwili.

Joto la mwili, Sumbawanga, mwezi wa sita! Asubuhi hiyo ilikuwa na baridi ambayo ingegandisha mawazo. Nilikiweka kichupa kwapani, nikavaa makoti mawili, nikapanda baiskeli mkono mmoja. Kuku wote wa Kizwite walinipisha. Nikakata kona ya kwanza vizuri, kona ya pili vizuri, na kwenye ya tatu nikakutana na rafiki wa marehemu baba yangu.

Asiyetujua hataelewa balaa hili. Kwetu mzee wa namna ile humsalimii ukiwa juu ya baiskeli, wala humpungii mkono. Unashuka, unachuchumaa, unapiga makofi taratibu kwa viganja viwili, na salamu inakwenda kwa zamu: yeye, watoto, ng'ombe, shamba, mvua. Nilishuka. Nikachuchumaa. Lakini kupiga makofi na kichupa kwapani, haiwezekani. Nikapiga kofi moja kwenye paja langu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mkono umekufa?"

"Baridi, baba."

"Vijana wa mjini," akasema, akasimama palepale akinitazama. "Baba yako alikuwa anapiga makofi yanasikika Ilemba."

Nikasema samahani mara saba, nikapanda baiskeli, nikafika dirisha la hospitali zikiwa zimebaki dakika chache.

Daktari aliniita siku ya pili. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Mbegu zako ni chache sana," alisema. "Na hizo chache nyingi hazitembei, zimelegea. Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kuonja aliweka kalamu chini. Nilipofika kwenye maziwa akavua miwani.

"Maziwa ni chakula," akasema. "Si sabuni ya damu. Poda imeingia mwilini kwa ulimi, kwa ngozi, kwa pua. Wapo wanaume duniani wanaofanya kazi na dawa za wadudu ambao mbegu zao zimepungua hivi hivi. Siwezi kukuapia kwamba ndiyo sababu yako. Mambo mengine pia hufanya hivyo. Lakini ningekuwa wewe ningeanzia hapo."

"Zitarudi?"

"Kwa wengine hurudi, kwa wengine hazirudi. Mwili hutengeneza mbegu mpya kwa karibu miezi mitatu. Jitenge na poda, ujipe misimu, tupime tena. Na mkeo aache kufua hilo shati."

Nilitembea kwa miguu kurudi, nikikokota baiskeli, na nikafanya kitu ambacho bila shule nisingekifanya. Kwenye daftari la sayansi nilichora mistari, nikaenda kuwauliza wenzangu mmoja mmoja, kwa utani, mtoto wao wa mwisho ana umri gani na wao walianza lini kuchanganya. Mzee wa mizani mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka minane, yaani alizaliwa kabla mzee hajaingia stoo. Wawili wengine hali kadhalika; kila mmoja alidhani mkewe amechoka kuzaa. Wa nne alikuwa mgeni, miezi mitano tu kazini, na mkewe alikuwa mjamzito wa miezi saba. Na mwenzetu mmoja wa zamani, aliyetuacha akaenda kulima ulezi? Mwaka wa pili wa kulima amepata mapacha. Sikuwa daktari, na daftari la mistari mitano si ushahidi wa mahakamani. Lakini nililitazama nikasema, basi, Ulimi umeonja mara ya mwisho.

Nilimwambia mke wangu uani, akiwa anaanika nguo. Nilimwambia yote, hata lile kofi la pajani. Hakucheka. Aliendelea kukamua shati langu mpaka halikuwa na tone.

"Miaka minne," akasema, "nimekunywa mizizi ya miti yote ya bondeni. Mdomo wangu hauna ladha. Na wewe ulikuwa unakunywa maziwa."

"Nisamehe."

"Sitaki samahani ya hapa uani. Utaisema pale shangazi yako atakapokaa."

Mahindi yaliingia ghalani, na wakaja: mama, shangazi, na baba mdogo kama msemaji. Mke wangu alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye fungu, ameliweka karibu na mlango. Hakufunga kwa kukata tamaa; alifunga ili nilione. Baba mdogo akaanza kwa mbali, akapitia ukoo mzima. Nikamkatisha, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu tangu mlima uumbwe.

"Baba mdogo, mwenye tatizo ni mimi. Nimepimwa. Mke wangu hana kasoro."

"Kaa chini. Mwanaume hasemi maneno hayo mbele ya wanawake."

"Nimeyapeleka hospitali kwapani, baba mdogo, kwa baiskeli. Nitashindwa kuyasema hapa?"

Shangazi aliziba mdomo kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mama hakucheka.

"Nani kakuroga?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Mji huu jina lake lenyewe linamwambia mtu atupe uchawi. Nimejiroga mwenyewe, kwa ulimi wangu, kidogo kidogo, miaka mitano." Nikamweleza poda, na turubai, na kikombe cha pili. Nilijua fika kwamba habari hii ingeshuka bondeni kabla yao, kwamba wanaume wa Ilemba wangenitania mpaka nizeeke. Nikaendelea. "Akiondoka huyu, mtaniletea mwingine, na huyo naye mtamnywesha mizizi. Basi bora mkae na mimi mwenye kosa."

Mama akamgeukia mke wangu.

"Ile mizizi," akauliza, "ilikuwa michungu?"

"Sana, mama."

"Hukusema."

"Ningesemaje, mama?"

Mama akainuka, akaenda mlangoni, akalivuta lile fungu la kanga mpaka katikati ya sebule, akalikalia. "Nimechoka na safari," akasema. "Nitakaa hapa. Hili fungu haliendi popote." Baba mdogo akabaki na hotuba yake nusu, tukamletea chai.

Kesho yake, stoo. Poda mpya ilikuwa imefika, mfuko wa nailoni, bila jina. Tajiri akanisogezea.

"Ulimi, kazi."

"Sionji tena, bosi. Na hatuchanganyi mpaka tupate glavu, vitambaa vya pua, sabuni na pipa la maji. Imeandikwa kwenye kopo. Nimeisoma mwenyewe."

"Umesoma!" akacheka. "Msomi wa jioni. Sasa nitajuaje kama poda hii ni ya kweli? Na sikiliza, hili ni soko huria. Wanaotaka kazi wamejaa nje hapo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hotuba ndefu, lakini mzee wa mizani alinitangulia. Alitoka alipokuwa, akapanda juu ya mizani yake na kukaa katikati, miguu ameikunja.

"Nipime kwanza, mheshimiwa, ndipo unifukuze," akasema. "Kijana huyu kanionyesha daftari. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minane. Miaka minane nimemnunia mke wangu bure."

Wengine wakaweka koleo chini. Yule mwenye mke mjamzito alisita, akalitazama tumbo lake kama vile yeye ndiye aliyebeba mimba, naye akaweka chini. Tajiri alitazama mlangoni. Lori la mahindi lilikuwa nje, linanguruma, na dumuzi hana siku ya mapumziko.

"Na hii poda?" akauliza tena, sauti imepungua.

Hilo nilikuwa na jibu lake. Nilitoa chupa ya soda yenye dumuzi kumi na tano niliowakamata usiku kucha, tuseme tisa. Nikatia punje za mahindi, nikatia poda kidogo kwa kijiti, nikafunga kitambaa. "Hawa ndio waonje," nikasema. "Kesho asubuhi wakiwa wamekufa, dawa ni ya kweli. Wakiwa wanacheza, rudisha."

Kesho yake walikuwa wanacheza. Poda ilirudi kwa mwenyewe, na tajiri, ambaye hakupenda kushindwa ila alipenda mahindi yake, akaleta pipa, sabuni ya mche, na glavu jozi tatu kwa watu watano. Tuligombea jozi mbili zilizobaki wiki mbili zaidi, tukazipata. Mama wa maziwa aliendelea kuja, ila sasa tulinunua wenyewe, tukanawa mikono kabla ya kunywa. Mimi nilitolewa kwenye kuchanganya, nikawekwa mlangoni na chupa zangu za dumuzi, na msimu ulipokwisha niliacha kabisa, nikaenda kushona magunia kwa fundi mmoja kule kule Kizwite. Jina la Ulimi likafa pole pole.

Siku ya chupa ya pili hospitalini ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zimeanguka. Safari hii sikuwa peke yangu. Mke wangu alikaa nyuma kwenye keria ya baiskeli, kichupa amekificha ndani ya nguo zake, kifuani, ambako alisema kuna joto kuliko kwapa la mtu mwoga. Kwenye kona ya tatu, Mungu si wa mchezo, mzee yule yule.

Nikashuka. Nikachuchumaa. Nikapiga makofi kwa viganja vyote viwili, taratibu, yakasikika, sidanganyi, mpaka Ilemba. Nikamuuliza habari za ng'ombe, za shamba, za mvua.

"Mkono umepona," mzee akasema.

"Unapona, baba."

"Mume wangu," mke wangu akasema nyuma yangu kwa sauti ya chini, "saa inakwenda."

Daktari alisoma karatasi yake mara mbili. Hapa ndipo nisipoweza kuongeza hata chembe, maana mke wangu alikuwepo na hunisahihisha. Alisema zimeongezeka. Alisema bado chache, ila nyingi kati ya hizo zinatembea. Akasema tuendelee, turudi.

Tulirudi nyumbani kwa mteremko, baiskeli haishiki breki, mvua inanyemelea kutoka upande wa mlima.

"Chupa ya tatu ni lini?" mke wangu akauliza mgongoni kwangu.

"Mahindi yakishatoa mbelewele."

"Basi tengeneza breki," akasema, akanikamata kiunoni.